Sadaka ya Plastiki Juu ya Nyumba ya Mama

Ipogolo,
Iringa.
12 Desemba 2024

Mpendwa Baba Mkubwa Clement,

Shikamoo. Kamwene, Baba. Nakusalimu kwa zote mbili maana najua ukipewa moja tu utamuuliza binti yako Goodness kama mwanao Lea amesahau kwao. Goti linaendeleaje? Na masikio? Goodness aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi husikii hata adhana ya msikiti wa jirani, na kwamba unamlaumu muadhini kwa kuongea chini chini. Namshukuru Mungu macho yako bado ni mazima, kwa sababu barua hii inayahitaji.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, anakula, anagomba. Shedrack yuko Mbeya na gereji yake ya Mwanjelwa, na mkewe amejifungua mtoto wa kike aliyepewa jina la bibi. Nasikia analia kwa sauti ya bibi pia, kwa hiyo kaka yangu ana kazi.

Mvua zimeanza na ulanzi umeanza kutoka kwenye mianzi. Nilitaka kukutumia kidumu kimoja, lakini mbebaji amekataa kabisa. Anasema ulanzi haufungwi kifuniko, na yeye hana mpango wa kulipukiwa ndani ya basi. Basi utapokea maharage na viazi, na mahindi mabichi machache kutoka Kalenga kwa Shangazi Esta.

Mbebaji mwenyewe ni Didas, mwenzangu wa kazini. Yeye yuko kwenye ofisi yetu ya huko Mafia, amepanda huku Jumamosi kwa kikao na anarudi kesho alfajiri. Mpe kiti, mpe chai, na tafadhali usimuulize anaoa lini.

Sikuandika kwa simu kwa sababu husomi barua iliyoandikwa kwenye kioo, na Goodness akikusomea kwa kupaza sauti, jambo hili litawafikia majirani kabla halijakufikia wewe. Nina jambo zito, Baba, na nina haraka nalo. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hujuliwa hali kwanza, kwa hiyo nimeanza hapo.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Mimi ni msaidizi wa mradi. Maana yake ni kwamba mkutano ukiandaliwa mimi ndiye ninayepanga viti, takataka zikikusanywa mimi ndiye ninayezipima, na wageni wakija kupiga picha mimi ndiye ninayewashikia mikoba. Mradi wetu una miguu miwili. Mmoja uko huko kwenu, unalinda fukwe na kasa. Mwingine uko huku milimani, unazuia plastiki isiingie mtoni, kwa sababu Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, Ruaha Mkuu unaingia Rufiji, na Rufiji unamwaga kila kitu karibu na mlango wako. Mwanzoni watu walinicheka. Mzee mmoja pale stendi aliniuliza kama nimelewa, maana bahari ya Iringa yeye hajawahi kuiona.

Aliyewanyamazisha ni wewe. Unakumbuka ile barua ya mwezi wa sita uliyomwandikia Mama, ukamweleza habari za kasa uliyemkuta amekufa ufukweni, nailoni imemning'inia mdomoni kama ulimi wa pili? Mama aliichukua akaenda kuisoma kanisani, mbele ya wanawake wenzake. Aliisoma polepole, kwa sababu mkono wako sasa unatetemeka na herufi nyingine zilikuwa zimepandana. Wanawake walilia, Baba. Sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona kasa, lakini walilia.

Hapo ndipo Mama alipopata wazo. Alisema kwamba Sikukuu ya Mavuno ikifika, kila nyumba ilete plastiki zake pamoja na sadaka. Na kweli, siku ile watu walileta mahindi, maharage na kuku wa mnada, na nyuma yao vikaja viroba vya chupa za maji, madumu yaliyopasuka, kandambili na nailoni za kila rangi. Mchungaji Ombeni aliviombea vyote kwa pamoja. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Niliwapigia wakubwa Dar es Salaam, nao wakanisifu mpaka nikaona aibu.

Sasa unawajua watu wetu. Kitu kikishaombewa pale mbele hakiitwi tena takataka. Kinaitwa sadaka, na sadaka haichomwi, haitupwi, haisogezwi hovyo. Viroba vilikuwa vinasubiri lori la mnunuzi, ili kitakachopatikana kiende kwenye ujenzi wa kanisa. Lori lilikuwa lije mwezi wa tisa. Halikuja. Harusi zikaanza, uwanja wa kanisa ukatakiwa, na baraza la wazee likaamua viroba vihamishiwe kwenye korongo.

Ni lile korongo la juu ya nyumba ya Mama, pale linapobana. Walilichagua kwa sababu ng'ombe hawafiki, na mwizi hawezi kupita bila Mama kumwona. Kiangazi chote ni kavu, unalikumbuka. Wanakwaya walivipanga viroba kwa ustadi, ukingo mpaka ukingo. Wakachimbia nguzo za mlingoti, wakavikaza kwa waya ambao Irfan wa duka la vifaa vya ujenzi aliutoa bila kudai chochote, kwa kumkumbuka marehemu baba. Kila mtu alifanya kazi yake kwa moyo, na ndiyo maana ukuta ule umekuwa imara namna ile. Jumapili baada ya Jumapili watu waliendelea kuongeza.

Mvua ya kwanza ilinyesha katikati ya Novemba, nayo ilikuwa kubwa. Kila mwaka mvua hiyo huleta maji ya korongo mpaka kwenye viwanja vya watu. Mama alisimama mlangoni na jembe, tayari kuyafungulia njia kama anavyofanya siku zote. Maji hayakuja. Majirani walitoka nje wakaangalia juu, wakaangaliana, wakaanza kucheka kwa furaha. Jumapili iliyofuata Mama alitoa ushuhuda kwamba sadaka imetulinda, na kwaya ikaimba. Mimi pia niliimba, huku najiuliza maji yale yamekwenda wapi.

Baada ya ibada nilipanda kuangalia. Baba, kuna bwawa kule juu. Maji yamesimama nyuma ya viroba, mekundu na kimya, yamefunika vichaka tulimokuwa tunachuma matunda. Mvua ilileta udongo na matawi ikavishindilia nyuma ya viroba, nailoni zikaziba kila upenyo. Wanawake wamekwisha kuanza kufulia pale, na mtu ameleta bata wake. Upepo ukivuma, midomo ya chupa inapiga mluzi ukuta mzima, kisha inanyamaza kwa pamoja. Nilisimama pale nikaogopa. Nakuandikia wazi kwamba niliogopa.

Watu wengine wangehitaji maelezo marefu, lakini wewe ulilima mpunga Ubaruku nusu ya maisha yako. Mimi nilikuwa mdogo, nimeletwa kwako nisome, na asubuhi kabla ya shule ulikuwa unanichukua kukagua matuta ya majaruba. Ulinionyesha kwa fimbo. Maji yakipenya tuta yakatoka meupe, ulisema, tuta linatoka jasho tu. Yakitoka na udongo, linaliwa ndani, na una siku chache. Na yakinyamaza ghafla wakati hakuna aliyeziba, usiulize, toka hapo, maana limebomoka tumboni na linajiandaa kwenda. Nilidhani unanitania mpaka siku ile tuta la mzee Amos liliponyamaza ukatupigia kelele tukimbie. Tulifika kwenye kilima cha mashine ya kukobolea, tukageuka, na majaruba ya Amos hayakuwepo.

Chini ya viroba kuna maji yanayopenya. Yanatiririka kwenye mfereji unaopita kando ya bustani ya Mama. Wiki tatu za kwanza yalikuwa meupe, akayafurahia, akamwagilia sukuma wiki yake. Tangu Jumatatu yanatoka mekundu. Miche ya kabichi imefunikwa na matope.

Usidhani nimekaa tu. Nilimpigia mkuu wa mradi, akaniambia lori litakuja baada ya sikukuu, nimtumie picha. Nilimtumia. Akajibu kwamba bwawa limependeza, niliingize kwenye ripoti. Nilizima simu nikaenda kupasua kuni mpaka mikono ikauma. Mchungaji Ombeni yeye alipanda mwenyewe na viatu vyake vya kanisani. Alikubali kwamba kuna hatari, na kwamba kuvichomoa viroba sasa kungeyaachia maji yote kwa mara moja, jambo ambalo ni kweli. Mwenyekiti wa mtaa alipita akitangaza kwamba walio bondeni wahamie kwa ndugu mpaka mvua zipungue. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakarudi ndani.

Unajua wanasema nini? Wanasema Mama Shedrack ndiye mlinzi wa sadaka na nyumba yake ndiyo ya kwanza. Yeye hajahama, sasa wao wakimbie nini. Kwa hiyo nyumba zote zinazoshuka na lile korongo, na watu wote wanaolala humo, wanamtazama mwanamke mmoja. Na mwanamke huyo hatoki.

Nimembembeleza, nimelia, nimemgombeza kwa namna ambayo mtoto hatakiwi kumgombeza mama yake. Shangazi Esta amekwisha kumsafishia chumba Kalenga. Jana jioni nilimkalisha jikoni nikamweleza habari ya Ubaruku mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza vizuri huku akichambua maharage yako. Kisha akasema, "Lea, mimi hapa sikujiweka. Nimewekwa na shemeji yangu mbele ya ukoo mzima. Siwezi kutoka kama kuku aliyefunguliwa banda."

Hapo ndipo ninapokuhitaji, Baba. Unakumbuka siku ya kumaliza matanga ya baba. Kulikuwa na ndugu waliokuwa wanaipima nyumba kwa macho, mmoja alishaanza kuulizia mabati. Ulimshika Mama mkono, ukamwingiza ndani, ukasimama mlangoni ukasema, "Mke wa mdogo wangu hatatoka katika nyumba hii mpaka mimi nimtoe." Wote walinywea. Neno lile limemtunza Mama miaka yote hii, hakuna aliyethubutu kumgusa. Sasa ndilo limemshika hapo alipo, maji yakiwa juu ya kichwa chake.

Utasema ulikwisha kumtumia ujumbe. Ndiyo, Goodness alipiga simu wiki iliyopita akasema umemruhusu ahame. Mama alimsikiliza, akamshukuru, akakata. Aliniambia yule ni Goodness, mtoto mzuri, lakini Clement akiwa na neno kuhusu nyumba hii ataliandika. Anakuheshimu kuliko unavyodhani. Barua zako zote amezitunza kwenye kopo la biskuti pamoja na cheti cha ndoa.

Kwa hiyo naomba uandike. Usiandike kwa urefu. Andika kwa mkono wako, hata kama unatetemeka, kwamba wewe Clement uliyemweka ndiye unayemtoa, aende Kalenga kwa Esta, na nyumba itabaki yake. Goodness apige picha karatasi hiyo anitumie siku hiyohiyo, mimi nitamwonyesha, na karatasi yenyewe ifuate baadaye. Didas akifika, mwache asubiri mpaka umalize. Chai atakunywa baadaye.

Nakuomba pia usinicheke, maana najua utaanza kucheka kwamba msaidizi wa mradi wa kuokoa bahari ameshindwa kumwokoa mama yake na maji ya korongo. Mimi mwenyewe ningecheka kama hayo yangetokea kwa mtu mwingine. Usiku natega sikio nione kama chupa zinapiga mluzi. Zikipiga, nalala.

Msalimie sana Goodness na mumewe, na wale wajukuu mapacha ambao bado siwezi kuwatofautisha kwenye picha. Shangazi Esta anakusalimu na anauliza kama huko pwani wamekufundisha kula pweza. Shedrack anakusalimu. Mchungaji Ombeni anakusalimu. Mama anakusalimu na anasema nikwambie kwamba mwaka huu maji hayajaingia ndani.

Mungu akulinde, Baba, akuongezee siku na akupe wepesi wa mkono. Ningali yuleyule uliyemshika vidole kumfundisha kuandika, mpaka walimu wa Ubaruku wakadhani kazi zangu za nyumbani unanifanyia wewe.

Mwanao akupendaye sana,
Lea

Baba, nimeifungua tena bahasha. Jua bado liko juu kidogo.

Mama ameniita nje kwa furaha kunionyesha mfereji. Matope yamekoma. Mfereji umekauka, hata tone halitiririki. Anasema Mungu amesikia kilio changu. Nimepanda mbio mpaka kwenye viroba. Bwawa limejaa vilevile, hakuna aliyeziba kitu, na upepo unavuma lakini chupa hazipigi mluzi. Zimekazwa na kitu kutoka nyuma.

Siwezi tena kukungoja. Nisamehe kwa hili ninalokueleza. Nimechukua karatasi nyingine nikaandika neno lako. Mwandiko wangu ni wako, unajua, hata Mama amewahi kushika daftari langu akadhani ni barua yako. Nimeandika kwamba wewe uliyemweka ndiye unayemtoa, nikatia jina lako chini. Didas ni mtu mkweli, lakini amekwenda kumpa Mama akisema mzee alimkabidhi kabla hajaondoka Mafia, akaisahau kwenye begi.

Mama alikaa kizingitini akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye jina lako kidole kilisimama. Kisha aliinua uso akaniangalia mimi, hakuiangalia barua tena, akaniangalia kwa muda mrefu. Akasema, "Shemeji huko pwani amepona. Mkono wake hautetemeki tena."

Aliikunja karatasi akaitia kifuani, akaingia ndani, akaitoa picha ya baba ukutani.

Sasa hivi yuko njiani kuelekea barabarani, ameikumbatia picha, anatembea katikati ya njia ili kila mtu amwone. Nyumba za chini zimeanza kutoa magodoro. Wengine bado wamesimama mlangoni wanauliza nani ameruhusu, na mimi nashuka mlango kwa mlango nikiwaambia kwamba ni wewe. Didas ananiita, niache kuandika nimpe bahasha, naye anaangalia juu. Kule juu kumenyamaza kabisa.

Mtu yeyote akikuuliza, Baba, sema ndiyo. Sema uliandika.